Mfungisha ndoa asiye padri wala shekhe: mjue vizuri kabla hamjampa dipoziti

Chukua mfano huu ambao kwa watu wetu walioko Marekani ni wa kawaida kabisa: binti ni Muislamu wa Tanga, kijana ni Mlutheri wa Moshi, wote wanapiga kazi Houston, wamependana na wamekubaliana hakuna anayebadili dini. Shekhe wa msikitini kawaambia hawezi, na kwa elimu yake ana sababu, maana wanazuoni walio wengi hawaruhusu mwanamke wa Kiislamu kuolewa na asiye Muislamu. Mchungaji nae kasema sawa, ila binti aanze kwanza darasa la ubatizo. Wakienda kwa hakimu tu, dakika kumi wanasaini wanatoka, mama yake binti analia kwenye simu kwamba mwanae anaolewaje bila hata Mungu kutajwa. Ndo hapo rafiki anawatumia namba ya mama mmoja anayejiita mfungisha ndoa wa imani zote, kwenye picha kavaa joho jeupe lenye alama za dini kama tano hivi, bei yake dola mia kadhaa, na anasema ana kibali cha kufungisha ndoa jimbo lolote lile.

Swali ambalo watu wanauliza ni moja tu, "huyu ni halali?", na mimi naona shida inaanzia hapo hapo, kwasababu ndani ya hilo swali kuna maswali matatu na kila moja lina mtu wake wa kulijibu. Serikali itaitambua hii ndoa? Dini yangu itaitambua? Na nyumbani kwetu wataitambua? Mfungisha ndoa anaweza akawa sawa kabisa kwenye la kwanza na akawa hana mamlaka yoyote kwenye la pili na la tatu, au akawapa ibada nzuri ya kutoa machozi halafu kwa serikali nyie bado hamjaoana. Watu wanaumia kwa kudhani ukipata moja umepata yote.

Tuanze na kujua hawa watu wanatoka wapi maana si wa aina moja. Wapo wachungaji wa Unitarian Universalist, dhehebu lililoundwa Marekani mwaka 1961 kwa kuunganisha madhehebu mawili ya zamani, hawa wana makanisa, wana vyuo, wamesomea kazi yao miaka, na wanafungisha ndoa za watu wa imani tofauti bila kumtaka mtu abadili chochote. Wapo wa Ethical Culture, harakati aliyoianzisha Felix Adler New York mwaka 1876, na wapo wafungisha ndoa wa kihyumanisti, hawa hawamtaji Mungu, wanazungumzia maisha yenu na ahadi zenu, kwahiyo kama mama anataka dua hao siyo watu wenu. Wapo waliosomea vyuo vya imani mseto, mfano New Seminary ya New York iliyoanzishwa na rabi Joseph Gelberman, hao wanafundishwa kupanga ibada yenye Biblia, Kurani, Veda za Wahindu na vinginevyo kwa heshima yake. Wapo pia makuhani wa Ifa na dini nyingine zenye asili ya Afrika Magharibi, hasa kwa watu wetu wanaooana na Wamarekani weusi.

Alafu kuna kundi kubwa kuliko yote, la watu waliopata uchungaji kwa intaneti. Chanzo chake ni Kirby Hensley, mhubiri wa Modesto, California, ambaye mwaka 1962 alisajili kanisa linaloitwa Universal Life Church na akaanza kumpa uchungaji yeyote anayeomba, bure, bila kuuliza anaamini nini, kwanza kwa posta na baadae intaneti ilipokuja ikawa ni jambo la dakika chache, unajaza jina na imeili basi wewe ni mchungaji. Baadae likatokea tawi lingine la Seattle linalojiendesha lenyewe. Na usidhani ni wahuni wote humo, wengi waliofanya hivyo ni mjomba au rafiki tu aliyeombwa na bibi harusi afungishe ndoa, na wapo waliofanya kazi hiyo muda mrefu na wanaifanya vizuri kuliko wachungaji wengi wa makanisani.

Sasa kwanini serikali inakubali kitu kama hicho? Katiba ya Marekani inaikataza serikali kuchagua dini ipi ni ya kweli, lakini wakati huo huo sheria za majimbo mengi zinataka ndoa isimamiwe na mtu, na mara nyingi zinasema tu "mchungaji aliyewekwa wakfu na dhehebu lake." Serikali haiwezi kuingia ndani kuuliza huyo dhehebu lake lilimpimaje, mwaka 1974 mahakama ya shirikisho huko California kwenye kesi ya kodi ya hilo hilo kanisa la Hensley ilisema wazi kwamba siyo kazi ya mahakama kupima uzito wa imani ya mtu. Kwahiyo mlango umebaki wazi, ila kila jimbo linaweka kizingiti chake pale mlangoni, na vizingiti havilingani. Hapa ndo watu wanajikwaa.

Angalia mifano. Virginia, 1974, mahakama ya juu ya jimbo iliwakataa wachungaji wa kanisa hilo kwamba hawana sifa ya kufungisha ndoa. North Carolina, 1980, mtu alishtakiwa kwa kuoa mke wa pili akiwa bado na wa kwanza, mahakama ikamuachia, sababu ndoa yake ya kwanza ilifungishwa na mtu wa kawaida tu aliyenunua cheti cha uchungaji kwa dola 10, mahakama ikasema hiyo haihesabiki kuwa ndoa, ebu fikiria mke huyo wa kwanza alijisikiaje siku ile. Ilibidi bunge la jimbo lipitishe sheria ya kuokoa ndoa za namna hiyo zilizofungwa kabla ya Julai 1981. New York, 1989, mahakama ya rufaa ikasema ndoa iliyofungishwa na mchungaji wa aina hiyo ni batili. Pennsylvania, 2007, jaji wa kaunti ya York akabatilisha moja, mwaka uliofuata jaji wa kaunti nyingine ya jimbo hilo hilo akasema ndoa kama hizo ni sawa. Utah walipiga marufuku 2001, mahakama ya shirikisho ikaifuta marufuku hiyo 2002. Tennessee 2019 wakapitisha sheria inayosema aliyepata uchungaji kwa intaneti asifungishe ndoa, ikaenda mahakamani. Kwingine, Mississippi kwa mfano, mahakama ya juu ilikubali bila shida mwaka 1988.

Kwahiyo mtu akikwambia "kibali changu kinatambulika majimbo yote 50" mwambie asante, halafu wewe mwenyewe piga simu ofisi ya kaunti. Na siyo kaunti mnayoishi, ni kaunti ambayo harusi itafanyikia, hilo watu wanalikosea kila siku, wanaishi Texas wanafunga ndoa kwenye ufukwe wa jimbo lingine wanatumia majibu ya Texas. Uliza maswali matatu tu: mtu wa namna hii anaruhusiwa hapa, anatakiwa ajisajili kabla, na karatasi inarudishwaje. New York City kwa mfano mfungisha ndoa lazima awe amejisajili kwa karani wa jiji kabla ya siku ya harusi, na Las Vegas nako huyo mtu lazima awe ameidhinishwa na ofisi ya kaunti ya Clark.

Majimbo mengi yana kinga fulani, yaani kama mlifunga ndoa kwa nia njema mkiamini mfungishaji ana mamlaka, ndoa inaweza ikasimama hata kama hakuwa nayo. Ni kweli, na ni vizuri ipo, ila hiyo ni kitu cha kwenda kujitetea nacho mbele ya jaji na wakili unamlipa kwa saa, siyo kitu cha kupangia harusi. Siku ya harusi yenyewe hakuna polisi atakayekuja ukumbini kusimamisha muziki. Tatizo linalala kimya miaka mingi, linaamka siku mmoja kafariki na ndugu wanagombea nyumba, siku mnaachana, au siku mmekaa mbele ya afisa wa uhamiaji.

Na hili la uhamiaji niliseme kwa kirefu kidogo sababu linatugusa sisi zaidi ya wengine. Uhamiaji wa Marekani wanaitambua ndoa kama ilikuwa halali pale ilipofungwa, basi, hiyo ndo kanuni ya kwanza kabla hata hawajauliza kama mnapendana kweli. Ukiwa na picha 400 za harusi, video ya drone, na mashahidi ukumbi mzima, lakini leseni haikurudishwa kaunti, huna cheti cha kupeleka. Aliyeingia kwa viza ya uchumba ana siku 90 tu za kufunga ndoa na yule aliyemuombea, siku hizo haziongezwi, kwahiyo huyo wala asijaribu mfungisha ndoa mwenye mashaka hata kidogo, aende kwa karani au jaji kwanza, sherehe ya kiroho ifuate hata mwezi ujao.

Kuna leseni na kuna cheti, ni vitu viwili. Leseni mnaichukua kabla, ni ruhusa ya kuoana. Baada ya ibada mfungishaji anasaini, na mashahidi pale panapotakiwa mashahidi, halafu karatasi inarudi serikalini na ndipo ndoa inaandikishwa na mnaweza kuchukua nakala ya cheti. Texas ukipewa leseni unasubiri saa 72 ndo ufunge ndoa na inakufa baada ya siku 90. New York unasubiri saa 24, na leseni inaisha baada ya siku 60. California hamna kusubiri, ina siku 90. Kuirudisha, California mfungishaji ana siku 10, New York ana siku 5, Texas siku 30. Anayerudisha mara nyingi ni mfungishaji mwenyewe, ndo maana uaminifu wake kwenye makaratasi ni muhimu kuliko sauti yake nzuri. Mkubaliane nani anaipeleka, lini, na mpige picha pande zote mbili ya ile karatasi ikiwa imesainiwa kabla hajaondoka nayo.

Kama mnachotaka ni mtu mnayempenda asimame mbele yenu, kuna njia safi zaidi ya kwenda kumtafutia uchungaji wa mtandaoni. California ina utaratibu wa kumuapisha mtu awe naibu wa serikali wa kufungisha ndoa kwa siku moja. Massachusetts wana kibali cha siku moja cha dola 25, na New York nao tangu Machi 2023 wanatoa leseni ya siku moja, nayo dola 25. Yaani yule shangazi mwalimu mstaafu ambaye familia zote mbili zinamheshimu anaweza akawafungisha ndoa kihalali kabisa, na dua akamuachia baba mmoja na sala akamuachia baba mwingine. Mimi kwa watu wa dini mbili naiona hii ni njia nzuri kuliko zote, sababu hakuna anayejifanya kiongozi wa dini ambaye siye. Florida na South Carolina hata notari anafungisha.

Colorado ndo wamekwenda mbali zaidi, huko wawili wanaweza kujifungisha ndoa wenyewe, wanasaini leseni yao bila mfungishaji. Pennsylvania nao wana leseni ya kujifungisha wenyewe yenye mashahidi wawili, na hiyo inatokana na Wakweka (Quakers), ambao tangu zamani wanaamini wawili wanaoana mbele za Mungu moja kwa moja na mkutano unashuhudia tu. Watu wa Magharibi ya Kenya hawa wanawajua vizuri, walifika Kaimosi mwaka 1902 na leo Kenya ndiyo nchi yenye Wakweka wengi kuliko nchi yoyote duniani, ingawa wa kwetu wana wachungaji na harusi zao zinafanana na za makanisa mengine. Faida ya leseni ya kujifungisha ni kwamba suala la sheria mnalimaliza wenyewe, halafu mnabaki huru kumwalika kiongozi wa kiroho yeyote mnayemtaka bila kujali kama jimbo linamtambua.

Walioko Uingereza hali ni tofauti na inabidi wasikilize kwa makini zaidi. England na Wales sheria ya ndoa ni ya mwaka 1949, na inaangalia sana jengo na utaratibu kuliko mtu. Ibada ya mfungishaji huru, iwe ya kihyumanisti, iwe ya imani mseto, haina nguvu yoyote kisheria. Kesi ilipelekwa Mahakama Kuu mwaka 2020, jaji akakiri kwamba wahyumanisti wanabaguliwa ila akaiachia serikali, na mwaka 2022 Tume ya Sheria ilipendekeza mfumo wote ubadilishwe usimame juu ya mfungishaji badala ya jengo. Kwahiyo wanaofunga ndoa huko wanafanya mbili: kwa msajili kwa ajili ya sheria, kisha ibada yao.

Na hapa nawasemesha Waislamu wetu wa pwani na Zanzibar walioko London, Leicester na kwingine. Nikah peke yake iliyofungwa nyumbani au ukumbini England haikupi haki za ndoa. Kesi ya Akhter dhidi ya Khan inaeleza yote: nikah mwaka 1998 kwenye mgahawa huko London magharibi, walipanga kwenda kwa msajili baadae, hawakwenda, wakaishi pamoja karibu miaka 18 wakapata watoto wanne, mke alipoomba talaka mwaka 2016 akaambiwa hakukuwa na ndoa. Jaji wa kwanza alimhurumia akasema ni ndoa batili, ambayo angalau inampa mke haki ya kudai mali, lakini Februari 2020 Mahakama ya Rufaa ikasema haikuwa hata ndoa batili, ilikuwa ni sherehe isiyo na sifa ya ndoa. Shekhe alifanya kazi yake sawasawa kidini. Kazi iliyobaki ya kwa msajili ndiyo haikufanywa, na naomba kila mwenye binti anayeolewa huko amweleze hili kabla ya siku ya hina.

Scotland ni habari nyingine, huko wafungisha ndoa wa kihyumanisti wanatambulika tangu 2005 na wa imani mseto nao wapo kwenye orodha ya serikali, na Ireland ya Kaskazini wakafuata 2018. Notisi ya Scotland, yaani taarifa kwa msajili kwamba mnataka kuoana, inapelekwa angalau siku 29 kabla. Australia wao walianza zamani, mwaka 1973 mwanasheria mkuu Lionel Murphy aliteua wafungisha ndoa wa kiraia na leo harusi nyingi kuliko za makanisani zinafungishwa na hao, notisi ni mwezi mmoja kabla, kazi kwisha.

Wale mnaotaka kuja kufanyia nyumbani, Zanzibar ufukweni au Naivasha kwenye bustani, mkaja na mfungishaji wenu kutoka nje, jueni cheti chake cha Marekani hapa hakina kazi. Tanzania Bara (Zanzibar ina sheria zake) Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka anayefungisha awe msajili wa serikali au kiongozi wa dini mwenye leseni ya kufungisha ndoa, au ndoa ifuate utaratibu wa Kiislamu au wa kimila, na notisi ni siku 21. Ndo maana wale wa dini mbili tangu zamani wanakwenda bomani kwa Mkuu wa Wilaya, na hakuna aibu yoyote kwenye ndoa ya bomani, ina nguvu sawa na ya kanisani. Kenya Sheria ya Ndoa ya 2014 inataja ndoa tano, ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu, sanduku la sita la "kiroho tu" halipo, kwahiyo nako ni kwa msajili, notisi siku 21, na anaweza kuombwa aje kufungisha mahali penu. Malizeni hilo kisha mleteni mfungishaji wenu aongoze ibada kwa raha zake. Na ndoa mliyoifunga nje kwa kufuata sheria za huko, nyumbani inatambulika, mradi wote wawili mlikuwa huru kuoana na mlikubali kwa hiari.

Haya, serikali tumemaliza, tuje kwenye dini, na hapa huwa nawaambia watu wasidanganyane. Mfungishaji wa imani mseto kusoma Al-Fatiha hakufanyi ibada iwe nikah. Nikah ina nguzo zake, na kwa Mashafi (wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi) wa pwani yetu walii wa bibi harusi, yaani msimamizi wake, kwa kawaida baba, ni nguzo, pamoja na mashahidi wawili na ijabu na kabuli (tamko la kuozesha na la kukubali), mahari nayo ni haki ya mke. Shekhe kwa kweli anakuja kuongoza tu, ndoa inafungwa na walii na mume. Kwahiyo kama mume ndiye Muislamu na mke ni Mkristo, ambayo wanazuoni wengi wanairuhusu, kaeni na shekhe mfunge nikah yenu vizuri, na yule mfungishaji mwingine afanye sehemu yake siku nyingine au saa nyingine. Kama ni kinyume chake kama wale wa Houston, mfungishaji wa mtandaoni hataweza kubadilisha hukumu, na binti anastahili kuambiwa hivyo kwa upole lakini waziwazi, aamue akiwa anajua.

Wakatoliki nao wana kanuni ambayo wengi hawaijui kabisa: Mkatoliki lazima afunge ndoa mbele ya padri au shemasi na mashahidi wawili, la sivyo kanisa haliitambui, LAKINI akioa au kuolewa na asiye Mkatoliki anaweza kuomba kwa askofu ruhusa ya kufungia ndoa kwa utaratibu mwingine na ndoa ikawa sawa kwa kanisa. Ni barua, inapitia kwa paroko, inachukua muda, ombeni miezi kadhaa kabla. Kitu ambacho hakiruhusiwi ni kufunga ndoa mara mbili kidini, yaani viapo kwa padri asubuhi na viapo tena kwa kiongozi mwingine jioni. Hivyo kama mmepitia kanisani, mwambieni mfungishaji wenu ibada yake iwe ya baraka na shukrani bila kurudia viapo. Anayejua kazi yake hatakasirika.

Sasa mtu mwenyewe mnamchaguaje. Ongeeni nae wote wawili, siyo bibi harusi peke yake, na msikilize zaidi anauliza nini kuliko anajisifu nini. Mzuri atauliza wazazi wenu wanaamini nini, nani amekasirika, kuna mzee ambaye hatakuja kwasababu ya dini, majina yenu yanatamkwaje, kuna kitu gani ambacho hamtaki kabisa kitajwe. Asiyefaa anafungua faili la ibada yake ile ile anabadilisha majina. Ombeni maandishi ya ibada yote muyasome kabla, neno kwa neno, na kama kuna aya ya Kurani au mstari wa Biblia mpeni anayejua aukague, nimesikia ibada ambapo aya ilikatwa katikati ikabaki maana nyingine kabisa na wazee walioielewa waliinamisha vichwa. Joho lenye alama zote likataeni kama kuna mzee ambaye litamkwaza, wengi wanakubali kuvaa suti au gauni la kawaida. Na kama mfungishaji ni wa kumwaga maji chini akiwataja wahenga, jambo ambalo kwa Wamarekani weusi lina uzito mkubwa na historia yake ya kurudisha kilichoporwa, mjue kwamba mama aliyelelewa kwenye uamsho wa Kilutheri ataliona ni tambiko na anaweza kusimama akatoka. Muelezeni kabla, mwambieni upande wa pili unamaanisha nini, mumpe nafasi ya kukataa kuwepo dakika hizo bila ugomvi.

Lugha nayo. Kama nusu ya ukumbi ni bibi na shangazi waliokuja kwa viza ya kutembea na Kiingereza hakipandi, tafuteni mtu wa kusimama pembeni kutafsiri, siyo MC, MC ataingiza vichekesho, bali mtu mzima anayejua kusoma kwa utulivu. Na walioko nyumbani wanaofuatilia kwa simu wafikirieni: ibada ya saa kumi jioni Houston wakati wa kiangazi ni saa sita usiku Dar es Salaam. Mkifanya saa nne asubuhi huko, hapa ni saa kumi na mbili jioni, babu hajalala na anaweza kutoa dua yake kwenye spika.

Hilo la babu ndilo linalobeba swali la tatu. Familia zetu hazijawahi kuitambua ndoa kwa sababu ya mtu aliyesimama mbele, zinaitambua kwa posa iliyopokelewa, mshenga aliyetumwa, mahari iliyokubaliwa na wazee waliokaa. Mkimleta mfungishaji mgeni kabla ya hayo, wataona mmeokota mtu barabarani. Mkiyamaliza hayo kwanza, hata kwa kutuma mshenga na kuunganisha simu, huyo mgeni anakuwa ni mtu wa kuongoza ibada tu na maneno yanapungua sana, nimeliona hilo kwa familia ngumu kweli kweli. Mwambieni mfungishaji awataje wazazi kwa majina, awape nafasi ya kusimama na kusema wamekubali, sentensi moja tu inatosha.

Kwenye mkataba, muandikiane. Dipoziti kiasi gani na inarudi lini, akiumwa nani anakuja badala yake na huyo mbadala kisheria yuko sawa, anakuja siku ya mazoezi au hapana, nauli na malazi juu ya nani, na leseni anairudisha siku ngapi baada ya ibada. Anayekataa kuandika mwacheni, wapo wengine wengi.

Na kama unasoma hii na harusi ilishapita na umeanza kuwa na wasiwasi, usianze kugombana na mwenzio wala kumtafuta yule mfungishaji kwa hasira. Piga simu kaunti mlikofunga ndoa uulize kama ndoa yenu imeandikishwa. Kama ipo, agiza nakala rasmi mbili tatu uweke. Kama haipo na leseni ilisainiwa ikapotea, kaunti nyingi zina utaratibu wa kutoa nyingine, waulize fomu gani. Kama tatizo ni mfungishaji kutokuwa na mamlaka, ongea na wakili wa ndoa wa jimbo hilo, na kama makaratasi ya uhamiaji yameshapelekwa basi na wakili wa uhamiaji pia kabla hujasaini kitu kingine chochote, sababu tarehe ya ndoa mliyoijaza kwenye fomu ina maana na kufunga ndoa upya kunaleta tarehe mpya. Mara nyingi ushauri unakuwa ni kwenda kwa karani au jaji, shahidi mmoja au wawili kama jimbo linataka, mnasaini, mnachukua cheti, na ile siku yenu ya kwanza mnaendelea kuisherehekea kama kawaida.